Maswali Yenu: Kochi, Msukule na Nyimbo 13

Katika toleo lililopita nilijibu swali kuhusu utunzaji wa kaseti za zamani, na kwa kupita tu nikasema kwamba kaseti iliyochakaa kuliko zote nyumbani kwangu ni ile ya No Need to Argue, albamu ya pili ya bendi ya The Cranberries ya Ireland, iliyotoka Oktoba 1994. Sikutarajia kwamba sentensi hiyo moja ingeleta barua nyingi kuliko jibu lenyewe. Nimechagua saba na kuzifupisha pale zilipojirudia. Kwa kuwa karibu zote zinauliza kuhusu wimbo mmoja, Zombie, naomba radhi mapema: nitakuwa nikiwavuta kuelekea zile nyimbo nyingine 12, maana ninaamini albamu hiyo inakaa huko, na Zombie ni mlango wake tu.

SWALI: Shikamoo, mzee. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nimezaliwa mwaka 2004, na Zombie niliusikia kwanza ndani ya teksi ya kaka yangu. Watu huuita muziki huu roki mbadala. Ni mbadala wa nini? Na albamu ikishauzwa kwa mamilioni, umbadala wake unabaki wapi? (Mwanafunzi, Jinja)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako la pili limewasumbua hata wenye muziki wao. Jina hilo halikuzaliwa kueleza namna ya kupiga gitaa. Lilizaliwa kueleza mahali muziki ulikopatikana. Katika Marekani na Uingereza ya miaka ya themanini, bendi ambazo kampuni kubwa hazikuzitaka zilirekodi kwa kampuni ndogo, zikapigwa na redio za wanafunzi wa vyuo, na kazi zao zikauzwa katika maduka madogo ambayo wenyewe waliwajua wateja wao kwa sura. Zilikuwa mbadala wa kile ambacho redio kubwa zilikipiga mchana kutwa. Mwaka 1988 jarida la Billboard lilianzisha chati ya pekee kwa ajili ya muziki huo, na hapo mlango ukawa umeachwa wazi, kwa sababu kitu kikishahesabiwa, wafanyabiashara huanza kukipigia hesabu. Septemba 1991 bendi ya Nirvana ikatoa albamu ya Nevermind, na ilipofika Januari 1992 albamu hiyo ilikuwa juu kabisa ya chati ya albamu za Marekani. Tangu hapo neno "mbadala" limebaki kuwa jina la rafu dukani, kama sisi tunavyoendelea kuita "soko jipya" soko lenye umri wa miaka arobaini.

The Cranberries waliingia kwa mlango huo. Walikuwa vijana wanne kutoka Limerick na viunga vyake: ndugu wawili, Noel Hogan wa gitaa na Mike Hogan wa gitaa la besi, Fergal Lawler wa ngoma, na Dolores O'Riordan, msichana wa kijiji cha Ballybricken, aliyejiunga nao mwaka 1990 baada ya mwimbaji wao wa kwanza kuondoka. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1993 na ikaanza kwa mwendo wa kobe. Walipozunguka Marekani, na televisheni ya MTV ikaanza kuurudia wimbo wao Linger, ndipo watu wakageuza shingo: mapema mwaka 1994 Linger ukaingia katika nyimbo 10 za juu za Marekani, na Juni mwaka huo albamu ikafika nafasi ya kwanza Uingereza, zaidi ya mwaka mmoja tangu itoke. Albamu ya pili ilipofika miezi michache baadaye, ikiwa imetayarishwa na Stephen Street yule yule aliyetayarisha ya kwanza, njia ilikuwa imeshafyekwa.

Kuhusu mauzo, chama cha kampuni za rekodi cha Marekani, RIAA, kimeipa No Need to Argue vyeti saba vya platinamu, na kwa hesabu yao platinamu moja ni nakala milioni 1. Duniani kote hutajwa nakala zipatazo milioni 17. Uzitazame tarakimu hizi kwa jicho la mwenye duka: cheti cha Marekani kilihesabu nakala zilizopelekwa madukani, wala si zile zilizofika mikononi mwa wanunuzi, na hakuna hesabu yoyote inayojumlisha kaseti zetu za kunakiliwa.

Lipo na jambo jingine ambalo husemwa mara chache. Zombie haukuuzwa peke yake nchini Marekani. Kwa kanuni za wakati ule, wimbo usiouzwa peke yake dukani haukuruhusiwa kuingia katika chati kuu ya nyimbo hata kama kila redio inaupiga, na kanuni hiyo haikubadilishwa hadi mwishoni mwa 1998. Ndiyo maana wimbo huo ulikaa kileleni mwa chati ya redio za roki mbadala huku chati kuu ikiwa kana kwamba haijawahi kuusikia, na aliyeutaka hakuwa na budi kununua albamu nzima. Zombie ulifanya kazi ya mpiga debe: ulipaza sauti stendi nzima ikasikia, watu wakapanda, na walipokwisha kuketi wakagundua kwamba dereva ni mtu mpole sana. Huku kwetu upigaji debe huo ulifanywa na redio. Sanyu na Capital zilianza kutangaza kwa FM jijini Kampala mwishoni mwa 1993, baada ya miaka mingi ya kuisikiliza Redio Uganda pekee, na masikio yetu yalikuwa na njaa.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni askari mstaafu. Wajukuu wangu wanaupiga wimbo huu kila siku, na nimeona katika video yake askari wenye bunduki mitaani. Jirani ananiambia ni wimbo wa Mnaijeria wa kuwatukana wanajeshi. Naomba kujua ukweli kabla sijawakataza. (Mstaafu, Bombo)

JIBU: Afande, heshima yako. Jirani hakusema uongo. Amechanganya nyimbo mbili zenye jina moja. Fela Kuti wa Nigeria alitoa Zombie yake mwaka 1976, na yeye kweli aliwalenga wanajeshi: watu wasiotembea mpaka waambiwe watembee, wasiofikiri mpaka waambiwe wafikiri. Aliilipia vibaya. Tarehe 18 Februari 1977 askari wapatao elfu moja waliyavamia makazi yake ya Lagos aliyoyaita Kalakuta, wakayateketeza kwa moto, na mama yake, Funmilayo Ransome-Kuti, akatupwa kutoka dirishani. Mama huyo alifariki mwaka uliofuata.

Wimbo wanaoupiga wajukuu wako una chanzo kingine. Jumamosi ya tarehe 20 Machi 1993, mabomu mawili ya IRA, kundi lenye silaha lililotaka kuiondoa Uingereza katika Ireland ya Kaskazini, yalilipuka katika mtaa wa maduka mjini Warrington, Uingereza. Yalikuwa yamefichwa ndani ya mapipa ya taka ya chuma. Kesho yake ilikuwa Siku ya Mama nchini humo, na mtaa ulikuwa umejaa watu. Mtoto wa miaka 3 alifia pale pale. Mwingine wa miaka 12 alifariki hospitalini siku tano baadaye. Dolores O'Riordan alikuwa na umri wa miaka 21. Wimbo huu aliutunga yeye mwenyewe, tofauti na nyingi za bendi hiyo ambazo Noel Hogan alileta muziki na yeye akaleta maneno, na aliutunga kwa gitaa la kawaida lisilo na umeme kabla ya kuupeleka mazoezini.

Sasa tazama neno lenyewe. Sisi tunalo la kwetu, msukule: mtu aliyechukuliwa akili, anayelima shamba la mwingine usiku huku mwenyewe hajui. Kwa Fela, msukule ni askari na aliyemchukua ni mkubwa wake. Kwa O'Riordan, msukule ni yeyote anayeua kwa ajili ya ugomvi aliourithi, na aliyemchukua ni wakati uliopita. Ndiyo sababu wimbo unataja mwaka 1916, mwaka wa maasi ya Pasaka dhidi ya utawala wa Uingereza mjini Dublin, kana kwamba ni jana. Vifaru na mabomu yanayotajwa humo yamo vichwani mwa watu kabla hayajawa barabarani. Mwimbaji huyo alisema zaidi ya mara moja kwamba waliofanya lile la Warrington hawakulifanya kwa jina la Ireland anayoijua yeye.

Askari uliowaona katika video si waigizaji wote. Mwongozaji, Samuel Bayer, alikwenda Belfast na kuwapiga picha askari wa Uingereza waliokuwa wakipiga doria wakati watoto wanacheza kando yao, kisha akaziunganisha picha hizo na zile za O'Riordan aliyepakwa rangi ya dhahabu mwili mzima, amesimama mbele ya msalaba akiwa amezungukwa na wavulana waliopakwa rangi ya fedha. IRA walikuwa wametangaza kusitisha mapigano tarehe 31 Agosti 1994, na wimbo ulitoka Septemba. Wapo watu wa Ireland ya Kaskazini walioulaumu, wakisema mtu wa Limerick, mbali na doria hizo, aliona kosa la upande mmoja na kufumba macho kwa la upande wa pili. Lawama hiyo ina uzito, na wimbo haujaribu kuijibu. Unachokifanya ni kukaa na mama aliyefiwa na kukataa kuondoka hapo. Msomaji wa Lira au Apac, anayekumbuka Oktoba 1996 wasichana 139 walipochukuliwa na waasi usiku mmoja katika shule ya Aboke, hahitaji mimi nimweleze mama huyo ni nani.

Usiwakataze wajukuu, Afande. Waulize tu kama wanajua wanaimba nini.

SWALI: Cranberries ni nini, na kwa nini picha ya jalada inaonyesha watu wamekaa tu kwenye kochi? (Msomaji wa kike, Entebbe)

JIBU: Ni tunda dogo jekundu, chachu, la nchi za baridi, kwa ukubwa ni dogo kuliko zambarau zetu. Mwanzoni bendi ilijiita The Cranberry Saw Us, utani wa maneno ambao ukiutamka haraka unasikika kama mchuzi wa tunda hilo, na tunashukuru walilikata jina. Kochi ni lile lile lililoonekana kwenye jalada la albamu ya kwanza, ila safari hii limewekwa mbele ya ukuta mweupe. Aliyepiga picha ni Andy Earl. Mimi nalipenda jalada hilo kwa sababu wanafanana na watu wanaosubiri zamu zahanati.

SWALI: Kaka, bendi yetu hupiga Zombie kila Ijumaa katika baa moja hapa mjini. Kodi za gitaa tunazo zote sawasawa, lakini wimbo hautoki kama ulivyo kwenye rekodi. Kufikia kiitikio cha pili watu wamesharudi kwenye vinywaji vyao. Tunakosea wapi? (Mpiga gitaa, Mbale)

JIBU: Nitakwambia bila kuwasikia, kwa sababu kosa hili hulifanya karibu kila bendi. Wimbo huo una kodi nne, E ndogo, C, G na D ambayo besi yake ni F kali, na mzunguko huo haubadiliki tangu mwanzo hadi mwisho kwa zaidi ya dakika tano. Wimbo usiobadilisha kodi unabaki na kitu kimoja tu cha kubadilisha, nacho ni nguvu. Ninyi, naamini, mnaikanyaga pedali ya mkwaruzo tangu mwanzo na hamuuondoi mguu. Mkifanya hivyo mmeshamaliza mtaji sebuleni, na mgeni bado yuko mlangoni.

Jaribuni hivi. Mkwaruzo uwepo kwenye utangulizi, kisha ubeti unapoanza gitaa lisafishwe kabisa, nyuzi ziguswe moja moja, na anayepiga asisikike zaidi ya mtu anayejipigia nyumbani. Besi ndiyo itembee: E, C, G, kisha ishuke nusu hatua hadi F kali, ambayo ndiyo inayoleta ile hisia ya kitu kisichotulia kabla ya kurudi nyumbani kwenye E. Mpiga ngoma ajizuie. Awe kama mtu aliyeshika mlango kwa mgongo wake. Kiitikio kinapofika, wote wauachie mlango kwa wakati mmoja, na ubeti wa pili mrudi chini kweli, msirudi nusu. Kama watu hawakuogopa kidogo mliponyamaza, hamjanyamaza vya kutosha.

Kuhusu sauti, mwambieni mwimbaji wenu aache kuiga lafudhi ya Ireland. Alichokifanya O'Riordan ni kuivunja sauti ghafla kutoka kifuani kwenda kichwani, ufundi aliosema kwamba aliupata kwa baba yake, aliyependa kuimba kwa kuruka namna hiyo. Kila mtu aliyewahi kuwa msibani Mbale ameshaisikia sauti ikivunjika hivyo, wala hakuwa amejifunza popote. Mwimbaji aivunje kwa namna anayoijua yeye. Na katika usiku huo huo, baada ya Zombie, pigeni Ode to My Family, ambao ndio wimbo wa kwanza wa albamu. Mtaona nani kati ya wanywaji anaweka glasi chini. Neno la pembeni: mwenye baa awe na leseni ya UPRS, chama kinachokusanya haki za watunzi hapa Uganda. Wanamuziki tunalalamika kwamba hatulipwi, halafu tunapiga kazi za wenzetu kana kwamba ziliota porini.

SWALI: Mwaka 2023 nilitazama Kombe la Dunia la Raga. Ireland walipowafunga Afrika Kusini, uwanja mzima ulianza kuimba Zombie kwa furaha. Wimbo wa watoto waliouawa! Huo si ukosefu wa adabu? (Mpenzi wa raga, Lugogo)

JIBU: Mchezo huo ulikuwa Septemba 23, katika uwanja wa Stade de France, na matokeo yalikuwa 13 kwa 8. Hata mimi nilishtuka. Lakini ukumbuke kwamba Limerick ni mji wa raga kwanza na mji wa vitu vingine baadaye, na kwamba O'Riordan alipofariki mwaka 2018, watu wa kwao waliuchukua wimbo huo kumkumbuka binti yao. Kiitikio chake kinaimbika na umati hata ukiwa na bia mkononi, jambo ambalo ni bahati na pia ni balaa la nyimbo nyingi nzito. Huko kwao nako mabishano yalizuka: kuna waliosema wimbo wa msiba hauimbwi kwenye sherehe, na wengine, hasa wa Kaskazini, waliona unawasuta kwa historia isiyo rahisi.

Maoni yangu ni kwamba wimbo ukishatoka kwa mtunzi hauwezi kuambiwa wapi usiende. Hata hivyo naelewa kwa nini swali hili limetoka Lugogo. Uwanja wa raga wa Kyadondo uko jirani yako, na usiku wa Julai 11, 2010, watu walikuwa wamekusanyika pale kutazama fainali ya Kombe la Dunia la soka mabomu yalipolipuka. Pamoja na waliouawa Kabalagala usiku ule, tulizika zaidi ya watu 70. Mtu aliyekuwa Kampala usiku huo akiusikia umati wa michezo ukiimba kuhusu mabomu, hawezi kuusikia kama anavyousikia kijana wa Dublin. Haimaanishi kwamba kijana wa Dublin hana adabu.

SWALI: Ni kweli kwamba mwimbaji aliuawa? Na bendi bado ipo? (Mama wa watoto wanne, Busia)

JIBU: Dada yangu, si kweli. Alifariki tarehe 15 Januari 2018 katika hoteli moja mjini London akiwa na umri wa miaka 46, na uchunguzi wa mahakama ukaamua kwamba alizama kwa ajali ndani ya bafu baada ya kunywa pombe nyingi. Wenzake watatu walichukua sauti alizokuwa amekwisha kurekodi, wakakamilisha albamu ya mwisho, In the End, iliyotoka mwaka 2019, kisha wakaifunga bendi.

SWALI: Jina la albamu lina maana gani? Nimeisikiliza miaka mingi lakini wimbo wenye jina hilo siujui. (Msomaji, Arua)

JIBU: Nimeiweka barua yako mwisho kwa makusudi, maana mimi na wewe tuna ugonjwa mmoja. Jina hilo ni sawa na kusema "hakuna haja ya kubishana", na wimbo wenye jina hilo ndio wa mwisho kabisa, wa 13.

Kaseti yangu niliinakilishiwa katika duka moja karibu na stendi ya zamani ya teksi Kampala. Mwenye duka alitumia kaseti tupu ya dakika 90, dakika 45 kila upande, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kubana matumizi, aliibana albamu nzima upande wa kwanza na kunijazia muziki wa Kilingala upande wa pili, akiniambia kwamba ni zawadi. Albamu ina dakika 50 na ushei. Piga hesabu mwenyewe. Kaseti ilikatika katikati ya wimbo wa 12, Daffodil Lament, ambao una zaidi ya dakika sita, na kwa miaka mitano niliamini kwamba hivyo ndivyo ulivyotungwa: sauti inapanda, inapanda, kisha tik, kimya. Niliona ni ujasiri mkubwa wa kisanaa.

Katika miaka hiyo nilizizoea zile nyingine, nami nikaanza kuona kwamba Zombie, wa nne katika orodha, ni mgeni miongoni mwa ndugu zake. Ode to My Family unafungua albamu kwa mtu aliyepata umaarufu akiwa mdogo na anatamani wakati alipokuwa mtoto wa mtu fulani tu. Baba yake O'Riordan alikuwa mfanyakazi wa shamba aliyebaki na ulemavu baada ya ajali ya pikipiki, mama alifanya kazi ya mapishi ya shule, na yeye alikuwa kitinda mimba wa nyumba hiyo. I Can't Be with You na Twenty One ni za mtu anayeachana na mwenzake huku akikua mbele ya macho ya watu. Dreaming My Dreams ungeweza kumbembelezea mtoto. Yeats' Grave unakwenda kwenye kaburi la mshairi William Butler Yeats, na huo, nikiri, huuruka. The Icicle Melts unarudi kwenye kifo cha mtoto, safari hii kwa sauti ya chini, na kwangu unauma kuliko Zombie kwa sababu haupigi kelele. Watu milioni kadhaa waliipeleka nyumbani albamu hii kwa ajili ya dakika tano za hasira, wakajikuta na dakika 45 za mtu anayezungumza jikoni.

Dada yangu aliporudi kutoka masomoni na sidii halisi ndipo nilipousikia wimbo wa 13. Hakuna ngoma humo, wala besi, wala gitaa. Ni sauti moja na kinanda cha aina ya kanisani, aina ile ile aliyoipiga O'Riordan katika kanisa la kijijini kwao alipokuwa msichana, na wimbo haufiki hata dakika tatu. Anayeimba ameachwa, naye anasema hakuna haja ya kubishana tena. Si kwamba wamepatana. Wa kubishana naye hayupo. Ukiusikiliza baada ya nyingine 12, utaona kwamba hata kochi lile la jaladani lilikuwa likimsubiri mtu.

Siku hizi naisikiliza kwa simu kama kila mtu, bila upande wa kwanza wala wa pili. Lakini Daffodil Lament unapokaribia dakika ya nne, mkono wangu bado unanyanyuka wenyewe kwenda kugeuza kaseti.